Upinde wa Mjomba

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mvua ya rasharasha ikiwa imekatika punde tu na mawingu yakiwa bado yamelala juu ya mabati kama blanketi bichi, Mjomba aliingia katika gereji ya mpwa wake akiwa amebeba sanduku la spana begani. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya sakafu yenye madoa ya oili, akageuza shingo polepole, akaangalia benchi, mashine ya kuchomelea na matairi yaliyopangwa ukutani, kisha akasema kwa sauti iliyozoea kusikilizwa:

"Pamefagiwa. Angalau hilo ulilishika."

Mwenye gereji alikuwa ameinama ndani ya boneti la gari la Daktari wa meno. Aliinuka, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, kama afanyavyo mtu asiye na haraka ya kusalimia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mama yako amekwambia?"

"Ameniambia."

Aliambiwa Jumapili, sebuleni kwa mama yake, akiwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu kochi lilikuwa na mwenyewe: shuka lililokunjwa mraba, mto, na mkoba uliokatika zipu. Hiyo ilikuwa wiki ya sita Mjomba akilala pale. Gereji yake aliyoisimamisha kwa mikono yake ilikuwa imeuzwa na wanawe, kiwanja pamoja na mabati, naye akatolewa nje kama chombo ambacho mnunuzi hakukihitaji.

"Mpe benchi," mama alisema. "Na kile chumba cha nyuma unachotupia mipira mibovu, mpe alale. Ni mdogo wangu. Na wewe ufundi uliupata kwake, hukuuokota njiani."

"Mimi benchi sitoi kwa undugu, mama. Natoa kwa kazi."

"Basi mpime," mama alijibu, akiendelea kukunja nguo. "Yeye hataogopa kupimwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa Ramani, kwa maana hilo ndilo jina la mwenye gereji kwa watu wote wa mji ule, na ndilo lililoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wake, alimwongoza Mjomba hadi kwenye gari. Lilikuwa gari la zamani lenye umri mkubwa kuliko Ramani mwenyewe, rangi ya maziwa, viti vya ngozi, usukani mwembamba kama bangili. Baba yake Daktari wa meno alilinunua jipya, akalitunza, akamwachia mwanawe. Injini yake ya asili ilipasuka, na Ramani alikuwa amefunga mahali pake injini ya gari la kisasa, pana na ndefu kwenda juu, iliyojaa ndani ya boneti lile kama mtu mnene aliyevaa koti la mdogo wake.

"Kazi yako ni maji," alisema. "Injini imekaa, nyaya zimeshafungwa. Kilichobaki ni mipira ya kupitisha maji: wa juu, wa chini, na ile miwili ya hita. Ijumaa saa tisa alasiri gari litapanda kilima cha matangi. Likifika juu bila kuchemsha, benchi lile ni lako na chumba cha nyuma ni chako, na sitakuuliza unatoka lini. Likichemsha, utabeba sanduku lako."

Mchomeleaji wa gereji, mtu mfupi aliyeitwa Kipara, alizima moto wa mashine yake ili asikie vizuri.

Mjomba alicheka. "Nimepitisha maji kwenye vyuma kabla wewe hujazaliwa, leo nikae mtihani kwa mtu niliyemfundisha kushika bisibisi."

"Bisibisi nilikuwa naijua, Mjomba. Ulinifundisha mengine."

"Kipara, umesikia? Huyu ana kiburi cha kwetu. Nimekubali. Wewe ni shahidi."

"Mimi ni mchomeleaji, mzee," alisema Kipara. "Lakini nimesikia."

Neno lile, kuchemsha, lina milango miwili. Gari likichemsha, joto limezidi na maji yanatoka kwa hasira. Mtu akichemsha, ameharibu, ameumbuka mbele ya wenziwe. Ramani alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa alipopitishwa katika milango yote miwili kwa siku moja. Lori lilikuwa limeingia gereji ya Mjomba likitoa mvuke, na Mjomba, akiwa ameketi juu ya tairi na wenzake wa soga, akamwambia: "Fungua kifuniko cha rejeta." Kijana akasema, "Mjomba, bado cha moto." Mjomba akasema, "Nimekwambia ufungue. Fundi anayeogopa maji akauze sabuni." Wenzake wakacheka. Kijana akafungua. Maji yaliyomrukia yalimchuna kuanzia chini ya sikio la kushoto, shingo yote, hadi kifuani. Alipokuwa bado chini akigaagaa, Mjomba alimmwagia ndoo ya maji baridi na kusema maneno ambayo wale wa soga waliyachukua na kuyatembeza mitaani: "Aliyechemsha si gari, ni wewe."

Baadaye bendeji zilipotoka na kovu likaonekana, lenye rasi na visiwa vyake, Mjomba alilikagua kama mtu anayekagua rangi ya mlango na kusema, "Shingo yako imekuwa ramani. Nionyeshe mji mkuu uko wapi." Jina likakaa. Wateja walidhani aliitwa hivyo kwa sababu anajua njia za nyaya zote. Hakumsahihisha yeyote. Mama yake aliambiwa na mdogo wake kwamba kijana alifanya pupa, na mama aliamini, kwa kuwa vijana hufanya pupa. Ramani hakumsahihisha mama pia. Alikuwa ameamua kwamba neno lile la Mjomba litasubiri siku yake, na aliliweka akilini likiwa limenyooka, bila kulipinda hata herufi: Aliyechemsha si gari, ni wewe. Siku moja angelirudisha lilikotoka.

Jumatano kabla ya adhuhuri, mpira wa juu ulikuwa umefungwa, na Ramani akauona upinde.

Mafundi wote wa mji waliujua upinde wa Mjomba. Katika ujana wake aliwahi kuunguziwa mpira na bomba la moshi, akapoteza injini na mteja, na tangu hapo kila mpira aliopitisha aliuinua juu mbali na joto, ukapinda vizuri kama kishikio cha ndoo, klipu zake zote zikielekea upande mmoja. Fundi mwingine akifungua boneti na kuukuta, alisema, "Mjomba alipita hapa." Ilikuwa sahihi yake. Na katika magari ya zamani haikudhuru, kwa sababu rejeta inayopoza maji ilisimama juu kuliko vyote. Hewa yoyote iliyojificha ilipanda hadi shingo ya rejeta na kutokea hapo.

Gari hili lilikuwa na umbo la zamani na moyo mpya. Rejeta ilikuwa chini, kichwa cha injini juu yake, na upinde juu ya vyote viwili. Hewa ni mgeni anayependa kiti cha juu, na akishakikalia hainuki mwenyewe. Maji yatajaa chini, kifuniko kitafungwa, na kule juu patabaki mfuko mtupu ambao hakuna atakayeuona. Tena kile kidude kinachopima joto kilikuwa karibu na mdomo wa mpira huo. Hupima maji yanayokigusa. Kikiguswa na hewa, sindano kwenye dashibodi hulala tu, na dereva hufurahi.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Mpira ungeweza kukatwa na kulazwa kando ya ubavu wa gari, ushuke mfululizo bila kuinuka. Au juu ya upinde pangewekwa kiungo cha shaba chenye nati ya kutolea hewa, kitu kisichozidi kidole gumba. Ramani alikuwa nacho. Alikinunua siku alipoinunua injini, maana alijua tangu mwanzo mahali ambapo hewa ingekaa. Alifungua droo, akakitoa, akakipima kiganjani, kisha akakitia katika mfuko wa ovaroli yake.

Kipara alimfuata hadi stoo.

"Bosi, ule mpira wa juu."

"Una nini?"

"Umepanda sana. Hewa itakwama pale."

"Wewe kazi yako ni nini hapa?"

"Kuchomelea."

"Mpira unachomelewa?"

Kipara alijikuna kichwa kisichokuwa na cha kukunwa. "Hauchomelewi. Lakini gari ni la Daktari, na injini ni ya kwetu."

"Injini ni ya kwangu. Nikisikia umemtajia neno hilo mzee, wewe na mashine yako mtafute kivuli kingine."

Kipara alirudi kwenye mashine yake, akavaa miwani myeusi ingawa hakuwa akichomelea chochote.

Ramani hakuwa mtu wa uongo. Alijivunia hilo kuliko alivyojivunia gereji yenyewe. Mteja aliyeuliza kama pampu ni mpya aliambiwa si mpya. Aliyeuliza kama kazi itachelewa aliambiwa itachelewa. Kwa hiyo alipotoka stoo na kumkuta Mjomba amesimama kando ya gari, mikono kiunoni, akimngoja, aliujua uzito wa swali kabla halijaulizwa.

"Njoo, mpwa wangu. Tazama. Una neno?"

Ramani alitazama. Klipu zote zilikuwa zimekazwa kwa kipimo, mipira ya hita imepita bila kugusana, wa chini umekaa kama ulizaliwa hapo. Ilikuwa kazi safi ya mkono uliokuwa ukitetemeka; alimwona asubuhi akiushika mkono wa kulia kwa wa kushoto ili bisibisi itulie.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema.

Haukuwa uongo. Mjomba alitabasamu kwa furaha, akaupigapiga upinde kama mtu anayempongeza farasi.

Alhamisi Mjomba alijaza maji. Alimimina kutoka kwenye dumu kwa utulivu, akangoja, akatikisa mpira, akamimina tena, hadi maji yakafika shingoni mwa rejeta na kukataa kushuka. "Imeshiba," alisema, akafunga kifuniko. Ramani aliliangalia dumu. Zaidi ya lita mbili ambazo zilipaswa kuwa ndani ya injini zilikuwa bado ndani ya dumu. Mjomba naye aliliangalia, akakunja uso kidogo, kisha akasema kwamba injini hizi mpya huandikiwa vipimo vya kujionyesha tu, na akaliweka dumu kando.

Saa sita, Ramani alipopita chumba cha nyuma, aliona kimefagiwa. Mipira mibovu ilikuwa imepangwa nje ukutani. Kitanda cha kamba kilikuwa kimeazimwa mahali fulani. Kwenye msumari mmoja lilining'inia shati jeupe lililopigwa pasi, na chini yake jozi moja ya viatu, visigino vikigusa ukuta kwa nidhamu. Alisimama pale mlangoni. Mkono wake uliingia mfukoni wenyewe na kukikuta kile kiungo cha shaba, kikiwa na joto la mwili wake.

Alitoka nacho mkononi. Ni lazima lisemwe, kwa haki yake, kwamba alitoka nacho mkononi na akaelekea kwa Mjomba.

Mjomba alikuwa akizungumza na Daktari wa meno, aliyepita kuona gari lake. "Kazi ya mpwa wangu, si yangu," alikuwa akisema. "Kufunga injini hii humu mimi nisingethubutu. Huyu amenipita, Daktari. Nakwambia mbele yake, amenipita."

Kwa miaka ishirini na miwili Ramani hakuwa ameyasikia maneno hayo wala yanayofanana nayo. Alisimama. Alifungua mdomo ili aseme, Mjomba, mpira wa juu tuushushe.

"Na jina nilimpa mimi," Mjomba aliendelea, akicheka. "Hebu mwonyeshe Daktari. Ramani, mji mkuu uko wapi?"

Daktari wa meno, mtu mwema asiyejua kitu, alicheka pia, akainamisha kichwa kulitazama kovu kama anavyotazama jino. "Kumbe ndiyo maana," alisema. "Mimi nilidhani ni mambo ya barabara."

Ramani alifunga mdomo. Mkono ulirudi mfukoni, ukatoka ukiwa mtupu, na kwa kidole cha shahada akagusa chini ya sikio lake la kushoto. "Hapa," alisema. Walicheka tena wote wawili. Kisha akaenda stoo, akashusha rafuni kichwa cha injini ya aina ile alichokuwa amekihifadhi, akakifuta vumbi, akakiweka pembeni pamoja na gasketi mpya.

Ijumaa jua lilitoka. Mama alikuja kwa miguu akiwa amevaa kitenge chake kizuri, kwa kuwa alitaka kumwona mdogo wake akifaulu. Alikuwa na kufuli jipya ndani ya pochi, la mlango wa chumba cha nyuma. Daktari wa meno alishika usukani, Mjomba akakaa mbele kando yake kwa heshima, akiwa amevaa lile shati jeupe, na Ramani akakaa nyuma na mama yake.

Gari lilitoka vizuri. Injini ilinguruma kwa sauti ya chini, ya kushiba. Walipita maduka, wakapita shule, wakashika barabara ya kilima.

"Tazama sindano," alisema Daktari. "Imelala kabisa. Kama mgonjwa aliyechomwa ganzi."

"Ingawa wewe huwaamsha kwa bili," alisema Mjomba, na mama akacheka hadi akajifuta macho.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "umefanya jambo jema. Mungu amekuona."

Ramani aliitazama sindano juu ya bega la Mjomba. Ilikuwa imelala kweli, chini kabisa, upande wa baridi, mahali ambapo sindano ya injini iliyopasha moto haiwezi kulala. Fundi yeyote aliyekuwa macho angeshtuka. Mjomba alikuwa akiitazama pia, na hakushtuka, kwa kuwa alikuwa akiona kile alichokuwa anakitaka.

Kilima cha matangi hakina kona. Ni mwinuko mmoja mrefu, na juu yake matangi mawili ya maji ya mji. Walipofika katikati, Mjomba aliacha kuzungumza. Aliinua pua.

"Simamisha gari," alisema.

"Kwa nini? Sindano imelala."

"Simamisha gari, Daktari. Naisikia harufu ya rangi."

Lakini sauti ilikuwa imeshatangulia: mgongano mkavu wa chuma kwa chuma, mara tatu, mara nne, kisha nguvu ikakatika na gari likajikokota hadi pembeni. Mvuke ulitoka kwenye pindo zote za boneti. Sindano ilikuwa bado imelala.

Walishuka. Ramani alifungua boneti kwa kitambaa. Rangi juu ya kichwa cha injini ilikuwa imebabuka na kujikunja. Mjomba alisogea, akaushika mpira wa juu palipo na upinde na kuubonyeza. Ulikunjamana katikati ya vidole vyake kama soksi isiyo na mguu ndani.

"Mtupu," alisema.

Daktari wa meno alikuwa amesimama barabarani, mikono imelegea. "Gari la baba," alisema. "Mmeniulia gari la baba."

"Halijafa," alisema Ramani. "Kichwa cha injini kimepinda, basi. Kingine kipo stoo na gasketi yake, nilikitenga Alhamisi. Wiki ijayo utakipanda tena kilima hiki, na hutanilipa hata senti."

Daktari alivuta pumzi. Alirudia ahadi ile kwa sauti ili aisikie mwenyewe, akashukuru, akaenda kando kupiga simu ya gari la kuvuta.

Mjomba hakusogea. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mpira.

"Alhamisi," alisema.

"Ndiyo."

"Gari limekufa leo. Kichwa ulikitenga jana."

Ramani aliingiza mkono mfukoni, akakitoa kile kiungo cha shaba, akakiweka juu ya ukingo wa gari, mbele ya macho ya mzee. Nati yake ndogo iling'aa juani. Mjomba alikitambua mara moja, akakipeleka kwa macho kutoka pale kilipo hadi juu ya upinde, mahali pake hasa.

"Kiko mfukoni tangu lini?"

"Jumatano."

"Nilikuuliza kama una neno."

"Uliniuliza."

Ilikuwa imefika. Neno lile alilolitunza kwa miaka yote lilipanda hadi ulimini, likiwa limenyooka kama alivyoliacha. Alivuta pumzi ili alitoe.

"Basi," alisema Mjomba, kwa sauti ya kawaida kabisa, "aliyechemsha si gari. Ni mimi."

Akawa amelichukua. Alilichukua kama alivyochukua vingine, bila kuomba, na Ramani akabaki amesimama kando ya injini iliyoungua kama mtu aliyeibiwa sokoni.

Mama alikuwa amewafikia. "Mnasemezana nini? Alhamisi nini? Jumatano nini?"

"Dada," alisema Mjomba, "yule kijana hakufanya pupa siku ile. Mimi ndiye niliyemwambia afungue kifuniko. Alinieleza kwamba ni cha moto, na mimi nilijua kuwa ni cha moto. Nilitaka watu wacheke."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Aliiangalia shingo ya mwanawe, ambayo aliipaka dawa kwa mikono yake mwenyewe kwa miezi mingi huku akimkaripia kwa pupa yake. Kisha akaliangalia gari.

"Na hili?" alimwuliza Ramani. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nikakaa humo ndani nacheka. Nikakwambia Mungu amekuona."

"Sikusema uongo, mama."

"Hukusema uongo," mama alikubali. Alifungua pochi, akatoa lile kufuli jipya likiwa bado na karatasi yake, akalitupa mtaroni. Halikutoa sauti, mtaro ulikuwa na matope. "Leo nyinyi wawili ndiyo nimewazaa, mapacha wasiotofautiana," alisema.

Mjomba alikuwa amekisogelea kifuniko cha rejeta. Kilikuwa kikifoka kidogo pembeni, kwa sauti nyembamba. Alifungua kifungo cha mkono wa shati lake jeupe, akaukunja mara moja, mara mbili, kwa unadhifu.

"Mpwa wangu. Kifuniko hiki bado cha moto?"

"Cha moto."

"Nikikifungua, tutakuwa tumelipana?"

"Usikiguse," alisema mama. "Wewe, mwambie asikiguse."

Mkono wa mzee ulikwenda. Vidole vilikwisha kukishika kifuniko na kuanza kukizungusha Ramani alipoukamata mkono ule kwa kitambaa na kuutoa pale kwa nguvu. Mama alitoa pumzi, akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitumia, kwa kuwa alidhani amemwonea mjomba wake huruma.

"Hapana," alisema Ramani. "Ukikifungua utakuwa umelipa, utatembea mjini ukionyesha kovu lako, na watu watasema tumemalizana. Sipokei."

"Nadaiwa, nataka kulipa."

"Najua. Ndiyo maana nakataa."

Aliuachia mkono. Ngozi ya vidole ilikuwa nyekundu tu, haikuwa hata na lengelenge.

"Na benchi?" aliuliza Mjomba.

"Tulikubaliana mbele ya Kipara. Shati lako la kazi liko msumarini. Sanduku utalikuta mlangoni."

Mama alimshika mdogo wake mkono, wakaanza kuteremka kilima kwa miguu, polepole, yeye akiwa mbele kidogo. Ramani alikifunika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa kilicholowa na kukaa kando yake kungoja kipoe, kama mafundi wanavyofanya, kama alivyotaka kufanya siku ile. Mzee aligeuka mara moja akiwa mbali, akainua mkono wake mwekundu na kuuonyesha, kana kwamba anauliza tena kama wamelipana. Ramani alitikisa kichwa kukataa, kwa kukaza, ili huyo mzee aone vizuri hata kwa mbali.